George Müller: Imani Iliyokuwa na Daftari



Somo letu la juma hili ni 2 Wakorintho 8:20-21. Paulo anaeleza kwa nini hakubeba mchango wa watakatifu peke yake, bali alitaka ndugu wengine waandamane nao. Hakutaka mtu apate la kusema. Alitaka pesa ile iwe safi mbele za Mungu, na mbele za watu pia.

Hebu tulitazame somo hili kupitia maisha ya George Müller, baba wa mayatima wa Bristol, Uingereza. Wengi tumesikia vile aliomba na chakula kikaja. Wachache wametuambia habari za daftari lake.

Müller alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 huko Prussia, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza ushuru, na pesa za serikali zilikaa pale nyumbani. Kabla hajafika miaka 10, George alikuwa ameanza kuzidokoa. Siku moja baba akahesabu pesa, akaziacha mahali kijana angeziona. George akachukua, akazificha ndani ya kiatu, chini ya wayo. Baba alipohesabu tena, mambo yakawa wazi.

Hakukoma. Akiwa na miaka 16 alilala jela kwa kukaa hotelini bila kulipa. Hata alipoenda Halle kusomea uchungaji, alikuwa mtu wa pombe na madeni. Mwaka 1825 rafiki yake alimpeleka kwenye ushirika wa nyumbani. Akaona watu wamepiga magoti wakiomba, jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona. Jioni hiyo Mungu alimkamata.

Mkumbuke huyo kijana wa kiatu. Ndiye Mungu alikuja kumwekea pesa za mayatima mkononi.

Müller alihamia Bristol mwaka 1832 kufanya kazi ya uchungaji. Mji ulikuwa na majeraha. Oktoba 1831 watu waliokuwa wakidai haki ya kura walifanya ghasia, na majumba ya katikati ya mji yakateketea. Kabla moshi haujasahaulika, kipindupindu kikaingia, mwaka uleule aliofika, kikaua mamia. Watoto wakabaki bila baba wala mama. Asiyekuwa na ndugu wa kumchukua alibaki barabarani, au apelekwe kwenye nyumba ya maskini ya serikali, mahali ambapo hakuna mtu alipenda kwenda.

Mwisho wa mwaka 1835 Müller akasimama mbele ya washirika akatangaza kwamba anataka kufungua nyumba ya mayatima. Aliweka masharti mawili: hatamwomba mtu pesa, na hatakopa. Shida za nyumba ataziambia Mungu pekee. Alitaka Wakristo waliokata tamaa waone kwa macho kwamba Mungu bado anajibu.

Vingi vya vitu vya kwanza kuletwa havikuwa vikubwa: sahani, mabakuli, visu, uma. Vyote viliandikwa. Halafu akaja fundi wa kushona nguo, dada mgonjwa-mgonjwa ambaye mapato yake ya juma yalikuwa shilingi chache tu. Alikuwa amepata urithi, naye akaleta pauni 100. Wapendwa, semeni ukweli, wengi wetu tungeshangilia papo hapo. Müller alimwita wakaketi. Alitaka kujua kama dada ameamua kwa haraka, kama kesho atajuta. Hakuipokea mpaka aliporidhika kwamba amehesabu gharama na moyo wake umetulia.

Nyumba ikapatikana, pesa zikapatikana, wafanyakazi wakapatikana. Februari 1836 akatangaza siku ya kuandikisha watoto. Akangoja. Hakuna hata mmoja aliyekuja! Ndipo akagundua kwamba aliombea kila kitu isipokuwa watoto wenyewe. Akaomba jioni ile, na kesho yake ombi la kwanza likaja. Mwezi wa Aprili wasichana wakaanza kuingia katika nyumba ya barabara ya Wilson, iliyokuwa na nafasi ya watoto 30.

Kazi ilikua. Kati ya mwaka 1849 na 1870 zilifunguliwa nyumba tano kubwa za mawe huko Ashley Down, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Walilishwa, wakavishwa, wakafundishwa kusoma. Hawakuachiliwa hivi hivi: wavulana walipelekwa kwa mafundi kujifunza kazi, na wasichana walitafutiwa kazi, wengine wakawa walimu na wauguzi.

Na daftari? Kila mchango uliandikwa, hata senti ya mtoto. Majina ya watoaji yalifichwa ili mtu asijitafutie sifa, lakini hesabu zilichapishwa ili kila mtu aone.

Kuna jambo moja linalonigusa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1841 wakati wa kusoma ripoti ulifika, na nyumba ilikuwa na uhaba mkubwa. Müller aliahirisha mkutano. Hakuwa na kitu cha kuficha, ila aliona watu wakisikia hali ilivyo, ripoti itageuka kuwa ombi la pesa. Alitaka ripoti iwe ya kutoa hesabu na kumshukuru Mungu tu. Wakavumilia miezi ya shida, na watoto wakala.

Alilala tarehe 10 Machi 1898 akiwa na miaka 92. Watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamepitia mikononi mwake, na karibu pauni milioni moja na nusu. Mali yake mwenyewe, pamoja na vitabu na samani, ilikadiriwa kuwa kama pauni 160. Hakuna kilichobaki chini ya wayo.

Sasa nitubu mbele yenu. Mimi nilisomea biashara, na hesabu ni kazi niliyofundishwa. Lakini mwaka jana mama mmoja wa kamati ya huruma aliniuliza risiti za viatu tulivyonunulia watoto, nami nikakasirika. Moyoni nikasema, ati anamshuku mtumishi wa Mungu? Viatu vilinunuliwa, lakini risiti mbili sikuwa nazo. Yule mama hakuwa adui yangu. Alikuwa anawalinda watoto, na alikuwa ananilinda mimi. Nilimwendea nikamwomba msamaha.

Mtoto yatima hawezi kuja ofisini kuuliza pesa zake zilienda wapi. Mjane anayengojea karo ataogopa kuuliza. Kwa hiyo Mungu ameweka wengine waulize kwa niaba yao. Juma hili, wewe unayeshika pesa za wengine, za kanisa, za chama au za matanga, fungua daftari kabla hujaulizwa. Na wewe uliyetoa sadaka, uliza kwa upendo, bila kuogopa.

Baba wa yatima, tufundishe kukuamini kama Müller, na kuandika kama Müller. Amina.