Hugh Young, tabibu aliyeona kilichowaua watoto kimyakimya

Baadhi ya wavulana huzaliwa na utando mwembamba unaoziba njia ya mkojo. Kibofu husukuma kwa nguvu hadi kuta zake zikawa nene, mkojo hurudi nyuma, na figo huharibika mtoto angali mchanga. Zamani wengi walizikwa bila wazazi kujua kilichowaua. Utando huo, kama uliwahi kuonekana, ulionekana maiti ilipopasuliwa.

Aliyebadilisha hali hiyo hakuitaka kazi yenyewe. Hugh Hampton Young, aliyezaliwa San Antonio, Texas, Septemba 18, 1870, alikuwa mpasuaji chipukizi katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Yasimuliwa kwamba mnamo 1897 aligongana na mkuu wake, William Halsted, katika ujia wa hospitali, na papo hapo akaarifiwa kuwa angesimamia kitengo cha magonjwa ya mkojo. Young alilalamika kwamba hakujua lolote kuhusu maradhi hayo. Akaambiwa atajifunza. Enzi hizo kitengo hicho hakikuwa na hadhi yoyote, kwani wagonjwa wengi walikuwa wa kisonono na kaswende.

Alijifunza kwelikweli. Mnamo 1909 alibuni chombo cha kupitishwa katika njia ya mkojo ili kunyofoa kizuizi bila kupasua tumbo. Tajiri James Buchanan Brady, aliyechuma mali kwa kuuza vifaa vya reli, alitibiwa kwa chombo hicho mwaka wa 1912. Kwa shukrani alitoa fedha zilizojenga taasisi ya matibabu ya mkojo iliyofunguliwa hapo Johns Hopkins mwaka wa 1915.

Mwaka huo wa 1912 alimchunguza mtoto wa miezi miwili aliyekuwa na utando huo. Alitumia sistoskopu, darubini ya kuchungulia kibofu, yenye unene wa milimita tatu hivi. Mkojo uliorudi nyuma ulikuwa umeitanua mirija kiasi kwamba darubini ilipita kibofuni na kupanda hadi kwenye figo. Ajabu ni kwamba ugonjwa wenyewe ndio uliomfungulia njia. Hiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza kwa tabibu kuchungulia ndani ya mrija wa figo.

Mnamo 1919, Young na wenzake wawili, Frontz na Baldwin, waliueleza ugonjwa huo kwa kina na kugawa utando katika aina tatu. Walichapisha matokeo katika jarida alilolianzisha mwenyewe mwaka wa 1917. Mgawanyo huo ungali unafundishwa, ingawa wataalamu wengi sasa wanatilia shaka aina ya pili.

Young alifariki Agosti 23, 1945. Siku hizi tiba ya kawaida ni kupitisha chombo chembamba chenye kamera katika njia ya mkojo na kuukata utando, bila kumpasua mtoto. Hata hivyo, figo iliyokwisha kuharibika hairejei. Ndiyo maana mvulana mchanga ambaye mkojo wake hudondoka badala ya kuruka apasa kupelekwa hospitalini mara moja.