Frederick Douglass: Mwanafunzi wa Vichochoroni, Mwalimu wa Jumapili

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha darasa la kwanza aghalabu hudhani kwamba kusoma huanza pale penye kitabu, ubao na mwalimu. Katika makala haya twapenda kusimulia maisha ya mtu ambaye utotoni hakuvipata vitu hivyo vitatu kwa pamoja, naye akajua kusoma, akafundisha wenzake, na hatimaye akaandika vitabu vinavyosomwa hata leo. Mtu huyo ni Frederick Douglass wa Marekani.

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland mwaka 1818, na jina lake la awali lilikuwa Frederick Bailey. Siku ya kuzaliwa kwake hakuijua maisha yake yote. Mama yake, Harriet, alitumikishwa katika shamba jingine, hivyo ilimlazimu kutembea usiku maili zipatazo 12 ili amwone mwanawe, kisha awahi kurudi kabla ya jua kuchomoza. Mama huyo alifariki mtoto angali mdogo mno. Miaka mingi baadaye Frederick alipata habari kwamba mama yake alijua kusoma, peke yake miongoni mwa watu weusi wa sehemu ile. Nani alimfundisha? Hilo hakuna aliyemwambia.

Mwaka 1826 alipelekwa mji wa Baltimore, nyumbani kwa Hugh Auld. Mke wa bwana huyo, Sophia, alikuwa hajapata kumiliki mtumwa, na kwa wema wake akaanza kumfundisha mtoto alfabeti, kisha maneno mafupi ya herufi tatu au nne. Mumewe alipogundua alimkataza kwa ukali, akieleza mbele ya mtoto mwenyewe kwamba mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Kwetu sisi walimu tukio hili lina mengi ya kutafakari. Bwana yule alikusudia kumaliza masomo, kumbe alikuwa ametoa somo kubwa kuliko yote aliyoyatoa mkewe. Tangu saa ile mtoto alijua sababu ya kutaka kusoma, na mwanafunzi mwenye sababu yake mwenyewe hahitaji kuhimizwa.

Mbinu alizozibuni zastahili kuchunguzwa kwa makini. Kila alipotumwa alichukua kitabu chake cha tahajia, akamaliza kazi upesi, na muda uliobaki akawaendea watoto wa Kizungu waliocheza mtaani. Wengi wao walikuwa maskini wenye njaa, ilhali nyumbani mwa Auld mkate haukukosekana. Basi aliwapa mkate, nao wakampa somo. Alipoandika habari zake mwaka 1845 hakuyataja majina yao, asije akawatia matatani katika nchi ile ambamo kumfundisha mtumwa kulihesabiwa kosa kubwa.

Kuandika alijifunzia katika kiwanda cha kuundia merikebu. Mafundi walitia alama za herufi juu ya mbao: herufi moja kwa upande wa kushoto, nyingine kwa upande wa kulia, na herufi ya pili kuonyesha kama ubao ni wa omo au wa tezi. Akazinakili herufi hizo nne. Kisha alimwendea mtoto yeyote aliyejua kuandika, akajigamba kwamba yeye pia anajua, akaandika zake. Mwenzake kwa ubishi akaandika zaidi, na hapo akapata herufi mpya. Madaftari yake yalikuwa ua wa mbao, ukuta wa matofali na njia ya mawe; kalamu yake ilikuwa kipande cha chaki. Tunapolalamika juu ya uhaba wa zana, na mara nyingi tuna haki ya kulalamika, si vibaya kuukumbuka ukuta ule.

Alipotimiza miaka kama 12 alinunua kitabu kwa senti 50, fedha alizozipata kwa kung'arisha viatu. Kitabu hicho, The Columbian Orator, kilikuwa mkusanyiko wa hotuba na mazungumzo kwa ajili ya wanafunzi. Ndani yake alikuta mazungumzo ya bwana na mtumwa, ambamo mtumwa anajibu kila hoja hata bwana anaamua kumwacha huru. Alikirudia tena na tena. Hata hivyo tusidhani kwamba kusoma kulimletea furaha tupu. Kulimfunulia hali yake bila kumwonyesha njia ya kutoka, na zilikuwako siku alizowaonea wivu wenzake wasiojua kitu.

Wakati huo pia alikuwa akisikia watu wakilitaja kwa hasira neno lenye maana ya kukomesha utumwa, naye hakulielewa. Alitazama kamusi, kamusi ikamwambia tu kwamba ni tendo la kukomesha, bila kusema kinachokomeshwa. Maana aliipata gazetini, katika habari za watu wa kaskazini waliopeleka maombi bungeni ili utumwa ukomeshwe. Ndiyo maana sisi hatukubali somo la msamiati liishie kwenye kamusi.

Mwaka 1833 alirudishwa shamba. Huko alianza kusaidia shule ya Jumapili, lakini kundi la watu wenye fimbo likaivamia na kuivunja. Mwaka 1835, akiwa shamba la William Freeland, akaanzisha nyingine kwa siri nyumbani kwa mtu mweusi aliye huru. Wanafunzi walizidi 40, wengi wao watu wazima, na kila mmoja alijua kwamba akikamatwa atachapwa viboko. Mabwana waliona afadhali watumwa wao washinde Jumapili wakipigana mieleka na kunywa pombe.

Baada ya jaribio moja la kutoroka kushindwa, alirudishwa Baltimore, akawa fundi kalafati, na tarehe 3 Septemba 1838 akatoroka kwa treni akiwa amevaa kibaharia. Jina la Douglass alipewa na mwenyeji wake mjini New Bedford, aliyekuwa akisoma utenzi wa Walter Scott. Mengine yafahamika zaidi: hotuba zake, gazeti lake la North Star la mwaka 1847, na ubalozi wake nchini Haiti kuanzia 1889. Alifariki tarehe 20 Februari 1895 mjini Washington. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kibanda cha mawe chenye chumba kimoja, ambamo alijitenga kusoma na kuandika. Kuhusu wanafunzi wake wa Jumapili, aliandika kwamba kadhaa walijua kusoma, na kwamba mmoja, kwa uchache, alikwisha kuwa huru.