Kinjikitile wa Ngarambe

Maji ya mto wetu wa Ruaha hupita chini ya milima ya Vidunda, kisha huingia katika mto Rufiji. Kusini ya Rufiji, katika kijiji cha Ngarambe, aliishi mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Hakuwa mfalme, wala hakuwa na jeshi; lakini kwa maneno yake makabila mengi yaliinuka pamoja.

Siku zile nchi ilitawaliwa na Wadachi, yaani Wajerumani. Watu walitozwa kodi, walipigwa viboko, na tangu mwaka 1902 wengi walilazimishwa kulima mashamba ya pamba, hata mashamba yao wenyewe yakamea magugu. Kila mtu alinung'unika nyumbani mwake, wala hapakuwa na aliyethubutu kusema mbele ya watu.

Mwaka 1904 habari za Kinjikitile zikaanza kuenea. Wazee husimulia ya kuwa alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akazama mtoni, na ndugu zake wakamlilia. Siku ya pili akatoka majini, na nguo zake ni kavu. Basi watu wakaja Ngarambe makundi kwa makundi ili wamsikilize.

Natuangalie jinsi alivyowavuta. Kwanza, alianza na jambo lililomwuma kila msikilizaji, yaani kazi ya kulazimishwa. Pili, aliwafundisha ya kuwa wote ni wa ukoo mmoja, ingawa lugha zao ni mbalimbali. Tatu, alitumia mambo waliyoyaheshimu tangu utoto: maji, nafaka, na wazee wao waliokufa, ambao alisema watarudi. Nne, hakuwaacha wasikilize tu, bali aliwafanyisha mazoezi ya vita; kwa maana mtu aliyekwisha kutenda jambo huliamini kuliko yule aliyelisikia tu. Mwisho, neno lilipitishwa kwa siri toka kinywa hata sikio, na kila aliyelisikia akawa mjumbe.

Lakini juu ya hayo aliongeza ahadi moja: atakayepata maji yake ya dawa, risasi za Wadachi hazitamdhuru, zitageuka kuwa maji.

Kinjikitile aliwaagiza watu wangoje amri yake. Wamatumbi wa Nandete wakachoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905 wakang'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Wadachi wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti. Yeye akafa, neno lake halikufa. Wajumbe walilichukua likafika kwa Wavidunda na Wasagara wa nchi ya Kilosa, na ng'ambo ya Ruaha kwa Wambunga na Wapogoro.

Tarehe 30 Agosti mashujaa wengi waliliendea boma la Mahenge mchana, bila kujificha, kwa kuwa waliamini. Ndani ya boma mlikuwa na bombomu, yaani bunduki zitoazo risasi mfululizo. Risasi hazikugeuka maji. Vita vikaendelea hata mwaka 1907, na Wadachi walichoma vyakula na mashamba, hata njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wengine hukadiria ya kuwa waliokufa walikuwa 75,000, na wengine hutaja hesabu kubwa zaidi sana.

Kinjikitile alisema kweli alipowaambia watu kwamba wanadhulumiwa. Alisema kweli tena alipowaambia kwamba wao ni ndugu. Na neno hilo la umoja lilikumbukwa na wale waliodai uhuru, hata ukapatikana mwaka 1961. Lakini neno la risasi halikuwa kweli, nalo lilisadikiwa sawasawa na yale mengine, kwa kuwa lilitoka katika kinywa kile kile.

Basi, mwanafunzi, huenda siku moja nawe utasimama kusema barazani. Jifunze kujua uchungu wa watu na kuwapatanisha. Lakini kila ahadi uipime kabla hujaitamka, maana watakaoilipia ni wale waliokusadiki.