Joginder Singh na bloki ambayo kiwanda kiliiacha

Mu magaraji ya Bel-Air, na kule jirani kartié Industriel, kuna mabishano ambayo hayaishi. Motere ikipasuka, utengeneze bloki yako mwenyewe, ao ununue ingine iliyoshuka na kontena? Kwa mwenye motokari ya kwenda kazini, swali ni la franga tu. Kwa yule anayejenga upya motokari ya mbio, swali ni kubwa zaidi, juu bloki njo mfupa wa mgongo wa motere yote. Ukikosea pale, pistoni mpya na karburateri ya bei kali ni bilashi.

Afrika Mashariki ilipata fundi mmoja aliyeyaishi mabishano hayo maisha yake yote. Jina lake Joginder Singh. Watu wa Kenya walimwita Simba. Wengi wanamkumbuka kama dereva, lakini alianza na funguo mkononi na mafuta mu kucha, na ukitazama namna alivyoshinda, utaona kwamba dereva alikuwa anakula paka kazi ya fundi.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, kwenye vilima vya chai vya Kenya, mtoto wa kwanza wa familia kubwa. Baba yake alitoka Punjab, India, na alikuwa na garaji. Walikuwa Masingasinga, wale ambao Waswahili wa Kenya waliwaita Makalasinga: watu wa kilemba na ndevu, maarufu kwa kazi ya mbao, ya chuma, ya reli na ya motokari. Joginder alifanya kazi ya garaji angali kijana, kiisha mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye motokari cha Afrika Mashariki kama fundi wa doria. Kazi ilikuwa kupita barabarani na kusaidia watu walioharibikiwa.

Kazi hiyo haifai kupitwa haraka. Fundi wa garaji anapokea motokari ikiwa imevutwa kwa kamba, imekwisha kupoa, mwenyewe amekwisha kuzua hadithi yake. Fundi wa doria anaikuta palepale ilipofia, moshi ungali unatoka, maji yangali yanachuruzika. Anajua ni mlima gani unaua kilasi, ni mto gani unaingiza maji mu motere, ni vumbi la upande gani linakula silinda. Wazungu waliokuja baadaye kushindana katika Safari walikuwa na mainjinia na vitabu. Joginder alikuwa na barabara yenyewe kichwani.

Safari Rally ilianza 1953, mwaka Malkia Elizabeth alipovikwa taji, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikimbiwa wakati wa Pasaka, yaani wakati mvua kubwa inaanza, kwa kilomita kama 5,000 za udongo mwekundu, mawe na matope. Mtu wa Lubumbashi aliyepita njia ya udongo mwezi wa Februari hahitaji maelezo mengi. Mwaka 1963 motokari 84 ziliondoka na 7 tu zikarudi. Na tangu mwanzo mpaka 1964, kila dereva aliyeshinda alikuwa Mzungu. Haikuandikwa mahali popote kwamba lazima iwe hivyo. Ila motokari, muda na franga za kucheza vilikuwa upande mmoja. Fundi wa Kihindi angeweza kuitwa kutengeneza motokari ya bwana. Kumpita bwana barabarani ilikuwa habari ingine.

Joginder aliingia mashindano mwisho wa miaka ya 1950, mara nyingi pamoja na mdogo wake Jaswant. Walikuwa wanamaliza, na hilo peke yake mu Safari lilikuwa cheo. Kushinda kulikuwa bado.

Mwaka 1964 Volvo ya Sweden ilileta kikosi chake na motokari aina ya PV544. Ni ile yenye mgongo wa kibyongo, umbo la miaka ya 1940, na hata wakati huo watu waliiona mzee. Kikosi kilishindwa. Ford Cortina njo ilishinda. Volvo wakarudi kwao, na moja ya motokari zile zilizokwisha kuteswa ikafika mikononi mwa Joginder na Jaswant. Hapa njo pahali ambapo fundi alipaswa kuamua. Angeweza kutafuta motokari mpya, yenye motere ambayo haijapigwa na barabara. Alichukua hii, ambayo kiwanda chenyewe hakikushinda nayo.

Ili kuelewa kwa nini uamuzi ule haukuwa ujinga, lazima kufungua boneti. Ndani kulikuwa na motere ambayo Volvo waliita B18. Ni silinda nne, ujazo wa senti-kyubi 1,778, bloki nzima ya chuma cha kumimina. Motere iliyotangulia, B16, ilikuwa na vilebrekini iliyoshikwa pahali patatu tu. Ile ya B18 inashikwa pahali patano: mbele, nyuma, na katikati ya kila silinda na mwenzake. Tofauti hiyo njo kila kitu. Vilebrekini ikishikwa patatu, mu spidi kubwa inajipinda kidogo sana, jicho halioni, lakini kusine zinaona, na baada ya saa nyingi za kukanyaga zinaanza kulia. Ikishikwa patano inatulia. Bloki inakuwa nzito, ndiyo. Mu mashindano ya dakika kumi uzito ni adui. Mu mashindano ya siku nne mchana na usiku, uzito huo njo unakurudisha nyumbani.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wengi wanalijua bila kulisoma. Chuma kilichomiminwa kinabaki na mivutano ndani yake, kama ubao uliopasuliwa ungali mbichi. Kikipata moto na kupoa, moto na kupoa, mara elfu, mivutano inalegea, na umbo linatulia. Bloki iliyotumika, ikiwa haina ufa, imekwisha kujipinda vile ilitaka kujipinda. Ukiipima na kuikata upya, inakaa. Isidhaniwe kwamba ni faraja ya watu wasio na franga. Miaka ya 1980 BMW walitengeneza motere ya Formula 1, ile iliyompa Nelson Piquet ubingwa wa dunia mwaka 1983, juu ya bloki ya motokari ya kawaida, na walitafuta kwa makusudi bloki zilizokwisha kukimbia kilomita nyingi. Matajiri wa Ujerumani walikwenda kuchagua pale ambapo fundi wa Bel-Air anachagua kila siku.

Lakini neno "ikiwa haina ufa" njo lenye shida yote. Bloki iliyotoka mu mashindano inapokelewa kama mgonjwa, haipokelewi kama mgeni. Inaoshwa mpaka njia za mafuta na za maji zinabaki wazi. Inatafutwa nyufa, zaidi kati ya silinda na silinda na kwenye matundu ya bolti za kilasi. Zile zinazojificha zinatoka ukiingiza maji kwa presha. Kila silinda inapimwa juu, katikati na chini, kiisha inapimwa tena kwa kukatiza, juu silinda iliyochoka haibaki mviringo, inakuwa kama yai. Uso wa juu unawekewa rula iliyonyooka. Mstari wa vilebrekini unapimwa toka mwanzo mpaka mwisho: ukikuta umepinda, weka bloki chini, tafuta ingine. Silinda ikiwa imelika, inapanuliwa na inapewa pistoni ya saizi inayofuata. Kila mara unapopanua, ukuta unapungua, na ukuta mwembamba unapata moto haraka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye kuuza siku zote ni moja: imekwisha kupanuliwa mara ngapi? Akisema hajui, fungua utazame pistoni, mara nyingi saizi imepigwa muhuri juu ya kichwa chake.

B18 ilikuwa na ukuta wa kutosha. Volvo wenyewe, miaka michache baadaye, waliongeza kipenyo cha silinda toka milimita 84 mpaka karibu 89, wakaita B20, na umbo la nje likabaki karibu lilelile. Na kule Marekani, mwalimu mmoja alikimbia na Volvo P1800 ya mwaka 1966, yenye motere ya ukoo huohuo, zaidi ya maili milioni 3, bloki ikiwa ile ya kwanza. Ni rekodi ya dunia.

Ndugu wale wawili walikuwa na faida moja ambayo kikosi cha Sweden hakikuwa nayo: garaji ya kwao, palepale Kenya. Motokari iliyokuja na meli inatengenezwa kwa kubahatisha barabara. Wao waliitengeneza huku barabara iko mbele ya mlango.

Pasaka ya 1965 kura ikampa Joginder namba 1, yaani kuondoka wa kwanza. Kuna watu mpaka leo wanaosema namba ile njo ilishinda. Ni kweli kwamba mtu wa kwanza hali vumbi la mtu, na filta yake ya hewa inapumua. Lakini mtu wa kwanza pia njo anafungua matope, hana alama za matairi za kufuata, hana mtu wa kumwonyesha kina cha mto. Bahati ilikuwepo. Bahati haitoshi kumpa mtu ushindi wa zaidi ya saa moja. Kwa zaidi ya saa moja njo Joginder na Jaswant waliwaacha walioshika namba ya pili, na motokari ambayo kiwanda kilikwisha kuisahau. Joginder alikuwa na miaka 33. Ilikuwa mara ya kwanza dereva asiye Mzungu kushinda Safari, mwaka mmoja na miezi michache baada ya uhuru wa Kenya. Mwaka huohuo Volvo wakafunga kabisa utengenezaji wa PV544. Hawakushinda Safari tena.

Miaka iliyofuata alibadilisha motokari mara nyingi, na haikuwa lazima kueleza kila moja. Alifika wa pili zaidi ya mara moja. Wageni wakaanza kuja na franga kubwa: mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, na Ford Escort, akawa wa kwanza kutoka ng'ambo kubeba kombe. Wengi walidhani wakati wa mafundi wa nyumbani umekwisha.

Mwaka 1974 Joginder, na sasa msoma ramani wake akiwa David Doig, alichagua Mitsubishi Lancer 1600 GSR, motokari ndogo ambayo watu hawakuiogopa. Tazama tena alichochagua. Silinda nne, senti-kyubi 1,597, kilasi ya aluminiyumu lakini bloki ya chuma, vilebrekini imeshikwa pahali patano. Umbo lilikuwa jipya na kampuni ni ya Japani, lakini mifupa ilikuwa ya ukoo wa ile Volvo. Mbele yake kulikuwa na Björn Waldegård na Porsche 911, motere ya silinda sita inayopozwa na hewa, nguvu zaidi kabisa. Mvua ile ya 1974 ilikuwa ya ajabu hata kwa Safari. Waldegård akafika wa pili, Joginder wa kwanza. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu na aina ileile ya Lancer, na nyuma yake Robin Ulyate na Andrew Cowan, wote Lancer, moja, mbili, tatu.

Lakini hesabu inayomweleza zaidi kuliko makombe matatu ni ingine. Aliingia Safari mara 22 na akamaliza mara 19. Wekeni hesabu hiyo kando ya mwaka ule wa motokari 84 na 7. Madereva wenye spidi kuliko yeye walikuwepo, na wengi wao walirudi Nairobi ndani ya lori, motokari yao imefungwa nyuma kwa kamba.

Joginder Singh alikufa London tarehe 20 Oktoba 2013, na miaka 81. Motere za B18 bado zinauzwa na kununuliwa, na mafundi wa Ulaya wanaojenga upya Volvo za mbio bado wanazigonga kwa nyundo ndogo kusikiliza mlio, wanapima silinda juu, katikati na chini, na wanauliza imekwisha kupanuliwa mara ngapi.