Wiley Post, rubani wa jicho moja

Wiley Post alizaliwa mwaka 1898 huko Texas, Marekani, katika familia ya wakulima. Ujana wake haukuwa wa kujivunia. Mwaka 1921 alifungwa kwa unyang'anyi, akaachiliwa mwaka uliofuata kabla ya kumaliza kifungo chake.

Mwaka 1926, akiwa kibarua kwenye visima vya mafuta, kipande cha chuma kilimruka na kumharibia jicho la kushoto, likaondolewa. Wengi tungekata tamaa. Yeye alichukua fidia akanunua ndege. Kwa kuwa jicho moja halikadirii umbali vizuri, alijizoeza kwa subira mpaka akaweza.

Mwaka 1931, akiongozwa njia na Harold Gatty, aliizunguka dunia kwa siku 8 na saa 15 katika ndege iliyoitwa Winnie Mae. Mwaka 1933 alirudia safari hiyo kwa siku 7 na saa 18, akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege akiwa peke yake. Baadaye alisaidia kubuni vazi la kumlinda rubani kwenye anga za juu zenye hewa hafifu.

Mwaka 1935 aliunda ndege kwa kuunganisha mwili wa ndege moja na bawa la nyingine. Kwa safari ya Alaska aliifunga maboya ya kutulia majini, makubwa kuliko ilivyofaa. Pua ya ndege ikawa nzito, hasa katika mwendo mdogo. Hata hivyo aliondoka, pamoja na rafiki yake Will Rogers, mchekeshaji na mwandishi aliyependwa mno Marekani.

Tarehe 15 Agosti, ukungu uliwapoteza njia, wakatua kwenye wangwa karibu na Point Barrow kuwauliza wenyeji. Walielekezwa, wakaruka tena. Muda mfupi baadaye injini ilizimika.

Ndugu msomaji, injini ikizimika ndege ikiwa juu, rubani ana nafasi ya kuielea taratibu na kutafuta pa kutua. Ikizimika mara tu baada ya kuruka, mwendo ni mdogo na ardhi iko karibu. Ndege yenye pua nzito humnyima rubani hata nafasi hiyo ndogo. Ilianguka kichwachini kwenye maji ya kina kifupi, wote wawili wakafa. Mmoja wa wenyeji alikimbia maili nyingi hadi Barrow kupeleka habari.

Katika falsafa tunafundishwa kwamba ushujaa bila busara haujawa fadhila kamili. Post alikuwa na vyote viwili miaka mingi: ndiyo maana alikaa akipima umbali kwa jicho moja kabla ya kumwamini nafsi yake angani. Safari ya mwisho hakuipima hivyo, na kiti cha pili kilikuwa na mtu aliyemwamini. Sisi tunaoandaliwa kuongoza wengine tukumbuke kiti hicho.