James wa Kwanza wa Uskoti: Mfalme na Makabaila Wake

James wa Kwanza alizaliwa mwaka wa 1394 mjini Dunfermline, Uskoti. Babake, Mfalme Robert wa Tatu, alikuwa mnyonge wa afya na wa amri. Hatamu za nchi zilishikwa na nduguye, Mwinyi wa Albany. Baada ya kaka mkubwa wa James kufia kizuizini mwa ami yao huyo mnamo 1402, mrithi aliyesalia hakuwa salama. Mwaka wa 1406 alipakiwa merikebuni apelekwe Ufaransa, lakini maharamia wa Kiingereza wakamnasa njiani. Muda mfupi baadaye babake akafariki, na mtoto wa miaka 11 akawa mfalme akiwa mateka.

Alizuiliwa Uingereza kwa miaka 18. Albany, aliyetawala kwa niaba yake, alifaulu kumrejesha nyumbani mwanawe Murdoch kutoka mikononi mwa Waingereza, ila si mfalme wake. Hata hivyo, kifungo kilimfaa James: alijionea jinsi mfalme mwenye nguvu anavyotawala. Aidha, anahesabiwa kuwa ndiye mtunzi wa The Kingis Quair, utenzi wa mapenzi na kifungo.

Alirejea mwaka wa 1424 pamoja na mkewe, Joan Beaufort, na deni la fidia la pauni 40,000. Mwaka uliofuata alimhukumu kifo Murdoch na wanawe wawili, akatwaa ardhi zao. Mnamo 1428 aliwaita machifu wa Nyanda za Juu barazani Inverness, kisha akawatia nguvuni, akiwemo Alexander, Bwana wa Visiwa. Hila hiyo haikuzaa utiifu. Alexander alipoachiliwa aliuteketeza mji huo mwaka wa 1429, na mnamo 1431 jeshi la mfalme likashindwa Inverlochy.

Kodi zilizotozwa kwa ajili ya fidia ziliishia kwenye kasri la Linlithgow na mizinga. Mizinga yenyewe haikumsaidia kuiteka ngome ya Roxburgh mwaka wa 1436. Februari 1437, wauaji walimvamia usiku mjini Perth na kumchoma visu mtaroni alimojificha. Ami yake mwingine, Mwinyi wa Atholl, alikatwa kichwa kwa kushiriki njama hiyo.

James alitaka sheria iwe juu ya kila kabaila, lakini mara nyingi aliifanya sheria hiyo kuwa panga la kujipatia ardhi. Makabaila walijifunza kumwogopa, si kumwamini. Mwanawe, James wa Pili, alirithi kiti pamoja na ugomvi huo akiwa na umri wa miaka 6 tu.