Trowell: Tabibu aliyeitafuta siri ya kwashakoo ndani ya kongosho

MIONGONI mwa matabibu waliobadilisha fikra za ulimwengu kuhusu lishe ya watoto wa Afrika Mashariki ni marehemu Dkt Hugh Carey Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1904.

Trowell aliwasili Kenya mwaka wa 1929 na kuishi Machakos pamoja na mkewe Margaret, ng'ambo ya Mlima Kilimambogo ambao wakazi wa Thika huutazama kila siku. Mwaka wa 1935 alihamia Uganda, akatibu wagonjwa katika Hospitali ya Mulago na kufundisha udaktari Makerere. Margaret naye ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya chuo hicho.

Ugonjwa uliomnyima Trowell usingizi ni ule uliowashika watoto walioachishwa ziwa. Miili yao ilivimba, nywele ziligeuka rangi na ngozi ikabambuka. Wengi walifariki hata baada ya kulazwa. Dkt Cicely Williams, aliyehudumu Gold Coast, Ghana ya leo, aliueleza mwaka wa 1933 na baadaye kuuita kwashakoo, jina la wenyeji wa huko. Trowell alishikilia kuwa ni pelagra, maradhi ya ukosefu wa vitamini, na mwaka wa 1937 akaandika hivyo. Hata hivyo, vitamini hiyo haikuwaponya wagonjwa wake. Hatimaye aliyaacha maoni hayo, akaanza kuchunguza upya.

Jibu muhimu lilipatikana tumboni. Mwaka wa 1952, Trowell na mwenzake Thompson walichapisha matokeo ya kupima majimaji ya utumbo wa watoto hao. Vimeng'enya vinavyotoka katika kongosho vilikuwa vimepungua mno.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito. Chakula hakiwi nguvu kwa kumezwa tu. Sharti vimeng'enya vikikate vipande vidogo vinavyoweza kupenya hadi kwenye damu, kisha vimeng'enya vingine ndani ya seli vivunje vipande hivyo hatua kwa hatua na kutoa nishati. Nao vimeng'enya karibu vyote vimeundwa kwa protini. Mtoto anayeshindia uji mtupu hukosa malighafi ya kuviunda, na anapovikosa hata chakula kizuri humshinda kusaga. Njaa huzaa njaa.

Mwaka wa 1954, Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kuhusu kwashakoo. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa upungufu wa protini si chanzo pekee. Siku hizi mtoto aliyezidiwa huanzishiwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kwa kuwa ini na seli zake bado ni dhaifu, kisha huongezewa polepole.

Baada ya kurejea Uingereza, Trowell alitawazwa kasisi wa Kianglikana, lakini hakuiacha sayansi. Pamoja na Dkt Denis Burkitt, aliyewahi pia kuhudumu Uganda, alionya kwamba vyakula vilivyokobolewa, visivyo na nyuzinyuzi, huchangia kisukari na maradhi ya moyo.

Trowell alifariki mwaka wa 1989. Kwa mzazi wa Thika au Ruiru, mafunzo yake mawili yangali jikoni: uji wa mtoto usiwe mtupu, nao unga wa mtu mzima usikobolewe ukabaki mweupe pe.